Maswali ya wasomaji: Kila mwaka naishia Mambo ya Walawi

Safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja, kusoma Biblia kila siku, watu wanaanza vizuri afu wanakatikia njiani. Nimeona bora nichukue chache nizijibu kwa kirefu kuliko kugusa zote juujuu. Hiyo ya kwanza naomba usiiruke hata kama swali sio lako, manake nusu ya majibu ya wengine yamo humo humo.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi ni miaka kadhaa sasa, kila Januari naanza mpango wa kusoma Biblia nzima kwa mwaka. Mwanzo naisoma kwa raha zangu, Kutoka naenda vizuri mpaka bahari inagawanyika na zile amri kumi, baada ya hapo zinaanza habari za mapazia na tanzi na mbao za mshita, nikifika Walawi ndo basi, mafuta, figo, damu, nasinzia na Biblia kifuani. Naruka siku ya kwanza, naruka ya pili, nikija kushtuka nadaiwa sura ishirini na kitu, nakata tamaa naacha mpaka Januari nyingine. Kanisani niko kwenye idara ya maombi watu wananiheshimu, kumbe nyumbani niko hivi. Najiona mnafiki. Nifanyeje?

JIBU: Amen, asifiwe dada yangu. Hilo neno mnafiki liondoe kwanza. Mnafiki hasumbuki, anajifanya anasoma na analala usingizi mzuri tu, wewe umekaa chini ukaandika barua ndefu kwa sababu jambo linakuuma, hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Sasa tupige hesabu kidogo uone kwamba hii kitu haikupati wewe peke yako. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189. Gawa kwa siku 365, ni sura 3 na kidogo kwa siku. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, jumla 90, yaani ukienda sura tatu tatu unazimaliza ndani ya siku 30. Kwahiyo Walawi unakutana nayo mwishoni mwa Januari, wakati ule ule hamu ya mwaka mpya imepoa, kazi zimerudi, watoto wamerudi shule, na ndani ya hapo unakabidhiwa sheria za sadaka ya kuteketezwa bila mtu wa kukuelekeza! Wengi wanaangukia hapo. Wanadhani imani yao ni ndogo, kumbe ratiba imewafikisha sehemu ngumu siku mbaya.

Ila kinachokuangusha hasa sio Walawi dada yangu, ni hilo deni. Umeandika mwenyewe "nadaiwa". Nani anakudai? Ukiruka siku nne na mpango wako ni wa sura tatu, siku ya tano unajiambia leo lazima nisome sura kumi na tano, unaangalia saa, unaangalia sura zenyewe, unafunga kitabu. Kila siku inayopita deni linakua na wewe unazidi kulikimbia, mwisho unamkimbia na Mungu mwenyewe kama anavyokimbiwa mtu anayekudai. Na yeye hajakuandika mahali. Maombolezo 3 inasema rehema zake ni mpya kila siku asubuhi, sasa kama rehema ni mpya asubuhi hii wewe unafufua madeni ya Jumanne ya nini?

Kuna mchungaji mmoja wa zamani nampenda sana kwa hili, Robert Murray M'Cheyne, alikuwa mchungaji kijana kwenye mji wa Dundee huko Uskoti. Mwaka 1842 aliwaandikia washirika wake ratiba ya kusoma Biblia kwa mwaka, Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili, na hiyo ratiba watu wanaitumia mpaka leo. Kinachonigusa mimi ni kwamba pamoja na ratiba aliwaandikia hatari zake. Akawaonya kuwa mtu anaweza kusoma ikawa desturi tu, anaweza kumaliza fungu la siku akajiona mwenye haki, anaweza kusoma ovyo ovyo ili amalize, na kwa wengine ratiba inaweza kuwa nira nzito wasioiweza, na akasema wazi kwamba anayejisikia amefungwa aitupe hiyo pingu ale kwa uhuru. Mtu aliyetunga ratiba mwenyewe ndio anasema hivyo! Alifariki mwaka uliofuata, 1843, hata miaka 30 hajafikisha, lakini alishawajua watu wake vizuri.

Kwahiyo fanya hivi. Tafuta kikaratasi cha kuweka alama, achana na mpango wenye tarehe. Tarehe ndo inayozaa deni, kikaratasi hakina tarehe, kinakwambia tu ulipoishia. Ukiruka siku tatu unafungua palipo na alama unaendelea, basi, hakuna cha kulipa. Ikichukua miaka mitatu kumaliza Biblia nzima ichukue. Sijaona andiko linalosema lazima iwe miezi kumi na miwili, wewe kama umeliona nitumie.

Na kwa wale wanaopenda mambo ya utafiti, watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea mazoea mapya ya kila siku kama kula tunda au kufanya mazoezi, matokeo yakatoka mwaka 2009. Wastani wa jambo kuanza kwenda lenyewe ulikuwa siku 66, ila tofauti ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 mpaka 254. Na wakaona kwamba kukosa siku moja moja hakukuharibu kitu, zoea liliendelea kujijenga. Kwahiyo ukiruka leo kesho fungua, hujarudi sifuri.

Halafu hiyo Walawi, sikwambii uiache, nakwambia uifikie kwa njia nyingine. Anza na Marko, ina sura 16, soma sura moja kwa siku au hata nusu. Sasa pale mwisho wa sura ya kwanza kuna mwenye ukoma anamjia Yesu, anapiga magoti, anamwambia "Ukitaka, waweza kunitakasa." Yesu anamhurumia, ananyosha mkono, anamgusa. Ukisoma haraka unaona ni uponyaji kama mwingine. Sasa nenda Walawi 13 mstari wa 45 na 46 uone huyu mtu alikuwa anaishi vipi, nguo zimeraruliwa, anafunika mdomo wake wa juu, anapiga kelele mwenyewe "Ni najisi, ni najisi", na anakaa peke yake nje ya marago, yaani nje ya kambi. Peke yake! Rudi tena Marko, angalia ule mkono unaonyoshwa. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, mbona wengine aliwaponya kwa neno, lakini huyu alikuwa hagusiki na yeye akamgusa kwanza. Afu malizia mstari wa 45, yule mtu anaenda anatangaza kila mahali mpaka Yesu hawezi tena kuingia mjini waziwazi, anabaki nje mahali pasipokuwa na watu. Wa nje ameingia ndani, wa ndani amebaki nje. Mimi nikifika hapo huwa nafunga kitabu nakaa kimya kidogo, siku hiyo siongezi sura nyingine.

Unaona Walawi ilikuwa na kazi gani? Na sio hapo tu. Yosefu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni Luka 2 anataja sadaka ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa, fungua Walawi 12:8 utakuta hiyo ilikuwa ya mama asiyeweza kupata mwanakondoo, yaani maskini. Ruthu anaokota masazo shambani kwa Boazi kwa sababu Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, aachie maskini na mgeni. "Umpende jirani yako kama nafsi yako" yenyewe imetoka sura hiyo hiyo ya 19. Ukishaonja hivyo, siku ukiamua kuisoma Walawi yote isome na Waebrania pembeni, sura mbili za Walawi kwa moja ya Waebrania, Walawi 27 na Waebrania 13 zinakaribia kulingana kabisa, na ukifika Walawi 16 ile Siku ya Upatanisho soma na Waebrania 9 siku hiyo hiyo, usiache kesho.

SWALI: Shalom mama. Nina mtoto mchanga na mwingine anatambaa. Zamani nilikuwa naamka alfajiri nasoma saa nzima na kuomba, sasa hivi hata kukaa chini dakika tano ni bahati, nikifungua Biblia usiku macho yanafunga yenyewe. Wenzangu kwenye kikundi kila asubuhi wanatuma walichosoma, mimi sina cha kutuma, natamani hata kujitoa kwenye grupu.

JIBU: Pole mama na hongera kwa watoto. Usijipime na wewe wa zamani, yule hakuwa ananyonyesha.

Kwa sasa sikiliza. Biblia ya sauti ipo bure kwenye simu, unaweka wakati unanyonyesha, unafua, unabembeleza. Na isikupite mawazoni kwamba kusikiliza ni kusoma kwa uvivu, hapana, kwa miaka mingi sana watu wa Mungu wengi hawakuwa na kitabu chao nyumbani, walisikia kikisomwa. Nehemia 8 Ezra anasoma torati mbele ya mkutano tangu mapambazuko hata adhuhuri, watu wamesimama wanasikiliza, wanalia. Ufunuo 1:3 inambariki anayesoma na wale wanaosikia. Biblia yote kwa sauti ni kama masaa 70 na kitu hivi, ukigawa kwa mwaka haifiki robo saa kwa siku, na wewe kunyonyesha tu ni zaidi ya hapo.

Ukipata nguvu ya kufungua macho, chukua zile nyimbo za kupanda mlima, Zaburi 120 mpaka 134. Ziko 15 na karibu zote ni fupi, ya 132 tu ndo imejivuta ina mistari 18. Zaburi 131 ina mistari mitatu, inazungumza juu ya mtoto aliyetulia kifuani mwa mama yake na Daudi anasema roho yake imetulia hivyo hivyo. Isome na mtoto wako akiwa mkononi, hutahitaji mtu wa kukufafanulia. Soma hiyo hiyo wiki nzima ukitaka.

Na kwenye kikundi usijitoe. Waambie ukweli, andika leo nimesikiliza Zaburi moja nikiwa nanyonyesha. Nina uhakika kuna mwingine humo anasoma meseji zenu kimyakimya na yeye hana cha kutuma, ukisema wewe atapumua.

SWALI: Shikamoo mama. Niko chuo. Natumia apu ya Biblia ambayo inahesabu siku ulizosoma mfululizo, niko juu ya mia mbili sasa. Tatizo nimegundua usiku saa sita kasoro naifungua tu nagusa alama ya kumaliza ili isikatike alafu nalala. Nikiulizwa nilisoma nini siwezi kusema. Je nifute apu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiifute, apu ni msaada mkubwa, unatembea na Biblia nzima mfukoni na matoleo zaidi ya moja, wa zamani wangeililia. Ila umeshajijibu mwenyewe, unailinda namba. Mimi ningekushauri kitu kimoja ambacho kitakuuma, iache ikatike. Chagua siku moja wiki hii, soma kwenye Biblia ya karatasi asubuhi, na usiku usifungue apu kabisa. Kesho yake utaona imeandika moja. Utajisikia vibaya saa moja hivi, afu utakuwa huru, na utaanza kusoma kwa sababu unataka kujua Mungu anasema nini.

Kingine hamisha muda. Saa sita kasoro usiku ni muda wa mtu aliyechoka. Tafuta kitu ambacho unakifanya kila siku bila kukumbushwa, kupiga mswaki, kunywa chai, kukaa kwenye gari ukienda darasani, bandika kusoma hapo hapo nyuma yake. Usiseme "nitasoma asubuhi" manake asubuhi ni pana, sema "nikishaweka kikombe chini nafungua Yohana". Na notifikesheni zizime hizo dakika kumi, sio za Biblia, hizo zingine, unajua mwenyewe unasoma mstari wa pili meseji inashuka juu ya kioo na safari ya kurudi inakuwa ndefu.

SWALI: Mimi kusoma nasoma kila siku, hilo nashukuru Mungu. Shida yangu sielewi na nasahau. Nikimaliza sura nikifunga kitabu imeshaondoka. Nimemaliza Isaya mwezi uliopita na sikumbuki chochote zaidi ya "mtoto amezaliwa". Sasa ina faida gani?

JIBU: Kaka, kuna mtu mkubwa tu serikalini, mweka hazina wa malkia, alikuwa anasoma Isaya huyo huyo kwenye gari lake na haelewi. Filipo akamsikia akamuuliza "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" akajibu "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Matendo 8 hiyo. Angalia mambo mawili hapo. Filipo alimsikia, maana yake jamaa alikuwa anasoma kwa sauti. Na alipoulizwa hakuona aibu kusema sielewi, akamwambia panda ukae na mimi.

Kwahiyo anza kusoma kwa sauti, hata ya chini, midomo ikitembea akili haikimbii sana. Punguza urefu, kama unasoma sura nne soma moja. Ukimaliza, kabla ya kufunga, angalia pembeni ujisimulie ulichosoma kwa maneno yako kama unamwambia mtu, ukikwama rudi pale ulipokwama. Kwenye daftari andika sentensi moja tu na swali moja. Swali ni muhimu, hilo ndo unampelekea mchungaji au mwalimu wako wa kikundi, wengi wanatamani sana kuulizwa na hawaulizwi. Na kama Kiswahili cha Union Version kinakupa shida, hiyo ilitoka 1952 na ina maneno ambayo hatuyatumii tena kila siku, weka Biblia Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, pembeni usome sura hiyo hiyo mara mbili. Manabii wakubwa kama Isaya wanahitaji pia ujue nani alikuwa mfalme wakati huo, kwahiyo kabla ya kuirudia pitia 2 Wafalme 15 mpaka 20, utamkuta Ahazi, utamkuta Hezekia, utamkuta na Isaya mwenyewe anatembea humo ndani, na sura zilizokuwa giza zitaanza kufunguka.

Kuhusu kusahau nitakwambia ninachoamini. Sio kila kinachokusaidia unakikumbuka. Lakini kuna vya kukariri kabisa, Zaburi 119:11 inasema "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako", na jangwani Yesu alipojaribiwa alijibu mara tatu kwa maandiko na yote matatu yametoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 8 na ya 6, hakuwa na kitabu mkononi kule. Mstari mmoja kwa wiki unatosha. Uandike, ubandike unapoona kila siku, ukifika Jumapili mwambie mtu.

SWALI: Je kukosa kusoma siku moja ni dhambi?

JIBU: Hapana. Biblia inasifia anayelitafakari neno mchana na usiku, Zaburi 1, na wale wa Beroya waliochunguza maandiko kila siku, Matendo 17:11, na inakuonyesha wazi unakosa nini ukikaa mbali nalo. Ila kukaa unahesabu siku kama makosa, hapana. Ukiona ni wiki, ni mwezi, na hata hamu imeondoka, hapo usikae kimya, tafuta mtu mwambie akuombee na msome wote.

SWALI: Mama, mume wangu tumeokoka wote lakini kusoma pamoja hataki, nikimwambia tusome anasema nimechoka. Nimeshajaribu kumwachia Biblia wazi kitandani upande wake, amechukia. Nifanyeje asome?

JIBU: Hiyo ya kuacha Biblia wazi upande wake acha leo hii mama, anaiona kama barua ya lawama. Mtu akisukumwa kwenye neno anakuja kulichukia neno lenyewe na hakuwa analichukia.

Wewe soma zako, na ukikuta kitu kizuri kweli mwambie mkiwa mnapiga stori, sio kama somo, mwambie tu "leo nimeona kitu kwenye Marko nikashangaa", umweleze dakika moja, uache. Asipojibu usiulize umeonaje. Afu siku nyingine muombe yeye msaada, mwambie hapa sielewi we unaonaje, na uwe huelewi kweli usiigize, wanaume wengi wanaopinga kufundishwa na mke wanafurahi kuulizwa na mke. Na akisema amechoka muamini, labda kachoka kweli, muulize kama angependa asikilize sura moja wakati mmelala taa imezimwa, simu inasoma, hakuna anayemfundisha mwenzake. Mithali inafaa sana kwa hilo, ina sura 31 na mistari mingi inasimama yenyewe, hata akipitiwa na usingizi katikati hajapoteza stori. Jaribu wiki mbili hivi uniandikie.